Fundi Bomba na Mazishi Yangu

Mwalimu Godfrey Nahonyo (mstaafu),
Kata ya Mnyambe,
Newala.

12 Agosti

Kwa Mwongozaji wa Filamu,
Roma, Italia.

Ndugu Mwongozaji,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FUNDI BOMBA, NA OMBI LA KUBADILISHIWA MUUAJI KABLA SIJAZIKWA

Pokea salamu za heshima kutoka Newala. Nasikia wewe pia ni mtu mzima sana, kwa hiyo suala la kuamkiana tuliache wazi mpaka ijulikane nani alitangulia kuzaliwa. Ikiwa ni wewe, shikamoo. Ikiwa ni mimi, nimeshaitikia.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoijua kiasi cha kulalamika. Utahitaji mkalimani. Ukimpata, mchunguze kwanza. Sababu utaiona mbele.

Niende kwenye jambo lenyewe. Filamu yako mpya, ile ya vijiko, imeniharibia mazishi. Bado sijafa, lakini daktari amenieleza kwa upole kwamba vali moja ya moyo wangu inavuja, na kwamba kwa mtu wa miaka themanini na miwili si busara kuifungua na kuitazama. Anadhani nitaziona korosho zikianguka mwaka huu. Kuhusu mnada wa kuziuza hakusema kitu. Kwa hiyo unavyoona, habari ya mazishi kwangu si habari ya baadaye.

Ili unielewe lazima nikueleze kuhusu Salmini. Mimi ni Mmakua, mzaliwa wa Lulindi, na nimefundisha jiografia huku Newala miaka thelathini na mmoja. Salmini Abdulrazaki ni Myao wa Masasi, fundi cherehani, aliyehamia huku kabla yangu. Mimi na yeye ni watani. Sijui kama kwenu utani upo. Mtani ni mtu wa kabila ambalo babu zako walipigana na babu zake, kisha pande zote zikachoka, zikaona ni nafuu kutukanana. Mtani anaingia nyumbani kwako, anafunua chungu, anakuambia mboga yako inanuka soksi, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

Lakini kazi yake kubwa iko msibani. Siku yangu ikifika, Salmini ndiye anayetakiwa kuja amevaa kofia yangu, atembee kwa kuchechemea kama mimi, awaeleze waombolezaji ubahili wangu, kisha ashuke kaburini alale humo akidai kwamba nafasi ni yake, mpaka wanangu wampe kuku ndipo atoke. Watu wakishacheka, wanaweza kunizika. Nimehudhuria mazishi yasiyo na mtani. Yanafanana na kikao cha walimu cha kufunga muhula.

Salmini amesema hatakuja kunizika. Sababu ni wewe.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa tisa alasiri, katika banda la video la Fikirini. Mjukuu wangu Pendo alikuwa amekuja likizo kutoka Dar es Salaam na filamu yako mpya kwenye flashi. Nilibebwa mpaka bandani juu ya kiti cha plastiki, kwa kuwa mimi ndiye mkalimani wa filamu zako hapa, kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita. Tulikuwa watu kama arobaini. Dakika ya sita, mwanamke tajiri anapiga simu, anakuja fundi bomba na mkoba wake, anagusagusa bomba la jikoni, anaondoka. Salmini akasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Huyo ndiye."

Nikamwuliza ndiye nani.

"Ndiye muuaji. Fundi gani anakuja kutengeneza bomba, anaondoka, na bomba linaendelea kuvuja? Huyo hakuja kwa ajili ya bomba."

"Wewe Myao, shona nguo. Mwongozaji huyu namjua. Hawezi kufanya jambo la kitoto hivyo."

"Fundi bomba, Mwalimu. Andika."

"Salmini, huyu akiwa ndiye muuaji, siku ya kunizika usije."

Banda lote likanigeukia. Mwanakombo, anayeuza maandazi mlangoni, akasema taratibu, "Mwalimu, lirudishe hilo neno." Sikulirudisha. Nilikuamini.

Saa moja na nusu baadaye fundi bomba akavua glavu zake mbele ya watu arobaini. Salmini akasimama, akakung'uta kofia, akasema, "Haya, Mwalimu. Kwaheri ya kuonana, maana ya kuzikana haipo." Tangu siku hiyo hajakanyaga nyumbani kwangu. Kila asubuhi mkewe, Hamida, ananiletea uji. Salmini mwenyewe husimama barabarani akimngojea, na nikiita, huwaambia wapita njia, "Mwambieni Mwalimu kwamba neno lake nimelisikia na naliheshimu." Uji ni mzuri. Lakini uji hautukani mtu.

Baada ya utangulizi huo, yafuatayo ni malalamiko yangu.

1. Vijiko. Filamu inaitwa Kijiko cha Saba. Kila maiti inakutwa na kijiko cha fedha kifuani. Tulihesabu vijiko sita. Fikirini alirudisha nyuma mara mbili, vikabaki sita. Hakuna aliyeeleza vijiko vilikuwa vya nini, wala kwa nini mtu mwenye mkoba uliojaa spana aamue kuacha vijiko. Mwanakombo, ambaye aliwahi kupotelewa na vijiko kwenye harusi ya binti yake, alikaa mpaka majina ya mwisho yakaisha, akiamini kwamba cha saba kitaletwa.

2. Bomba lenyewe. Pengine hujui kwamba huku juu tunakaa mbali na maji. Wanawake wa rika langu walikuwa wakishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo jua likiwa kichwani. Wewe umeacha bomba likivuja jikoni kuanzia dakika ya sita mpaka mwisho. Kila uliporudi kwenye jiko lile, banda lilikuwa likiguna kwa uchungu. Mwanamke wa tatu alipochinjwa kando ya sinki, hakuna aliyemtazama. Watu walikuwa wakisema, "Jamani, si waweke hata ndoo." Mama mmoja wa Chilangala alitoka nje akisema hawezi kuangalia unyama wa namna ile. Alimaanisha maji. Hata mimi, nakiri, sijui yule mwanamke alichinjwa kwa kitu gani.

3. Inspekta wako. Anakula. Katika filamu nzima nilimhesabia milo mitano, mmoja wao juu ya meza yenye picha za marehemu. Fundi bomba alipita nyuma ya mgongo wake mara tatu na mkoba mkononi. Mara ya tatu Salmini alimpungia fundi mkono.

4. Heshima ya mafundi wa maji. Huku kwetu mtu anayejua kuyafanya maji yatoke si mtu wa kushukiwa. Hata akiua, tungeanza kwa kuuliza marehemu alimfanyia nini. Hilo ndilo lililonifanya niape kwa ujasiri ule. Ningeapa vilevile kwa ajili ya mkunga.

5. Sababu ya kuua. Hapa lazima nisimame kidogo, kwa kuwa ili nilalamike sawasawa kuhusu jambo hili ni lazima nikiri lingine, na sitaki kuondoka nalo duniani.

Ndugu Mwongozaji, mimi sijui Kiitaliano.

Mwaka 1998 alikuja huku mhandisi wa kwenu, tukimwita Bwana Gasper, kuchimba kisima. Shule iliniazima kwake miezi mitano nimtunzie makaratasi. Katika miezi hiyo nilijifunza pompa, tubo, valvola, yaani pampu, bomba na vali, maneno mengine kama kumi ya aina hiyo, na domani, yaani kesho, ambalo ndilo alilolitumia zaidi. Kisima hakikupata maji. Alipoondoka aliniachia sanduku la kanda saba za video, zote zako. Fikirini akasema, "Mwalimu, lugha unaijua, tutafsirie." Nilipaswa kusema sijui. Lakini nilikuwa nimefundisha miaka mingi, na neno hilo mdomo wangu haukulizoea.

Kwa hiyo nilisimama kando ya runinga nikiwa na fimbo ya ubaoni, nikaanza kutafsiri. Yule mwanamke wako mwenye nywele nyeupe anayepiga kelele kanisani, mpaka leo sijui anasema nini. Huku Newala yeye ni mama mkwe aliyekataa kurudisha shamba la mikorosho. Yule daktari mwenye wembe, anayewaua wasichana watatu wa familia moja, kwetu ni mjomba ambaye mpwa wake aliolewa bila yeye kuulizwa. Kwa Mmakua na kwa Myao, mjomba asipoulizwa ni jambo zito, na watu waliielewa filamu ile kuliko wewe ulivyoielewa. Wanaume wazima walilia. Salmini alilia. Wamekuja watu kutoka Masasi mjini kwa ajili ya yule mjomba. Hapa wilayani unasifiwa kama mzungu pekee anayejua mambo ya ukoo. Sifa hiyo umeipata kwangu, na sijawahi kukulalamikia.

Sasa rudi kwenye Kijiko cha Saba. Mwishoni fundi bomba anakiri mbele ya polisi, na anaeleza kwa nini aliua. Alipofungua mdomo tu, nikasikia valvola. Kisha tubo. Kisha pompa. Ndugu Mwongozaji, nililielewa kila neno. Baada ya miaka ishirini na sita ya kukutafsiri, hii ndiyo filamu yako ya kwanza niliyoielewa, na ndipo nikajua kwamba huna cha kusema. Aliwaua wanawake sita kwa sababu hawakufunga vali kuu kama alivyowaelekeza. Hiyo tu. Hakuna shamba, hakuna mjomba.

6. Hukumwachia mkalimani nafasi. Nilijaribu kuokoa jambo. Fikirini aliponiuliza, "Mwalimu, anasema nini?" nilijibu kwamba anasema hakuua mtu, alikuja kutengeneza bomba tu. Lakini wewe ulikuwa umemwonyesha na damu mpaka kwenye viwiko, na polisi wawili wakimfunga pingu.

"Mbona wanamfunga?" akauliza Salmini.

"Kwa usalama wake," nikasema.

Hata Fikirini, ambaye biashara yake inanitegemea, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Katika filamu zako za zamani ulikuwa unaacha giza, ukungu, mlango usiofungwa vizuri, mtu akapata pa kuingiza neno. Siku hizi unaonyesha kila kitu. Huo ni uchoyo.

Hoja yangu basi ni hii. Kwa miaka yote hiyo nimekutengenezea miisho saba bila kuombwa na bila kushukuriwa. Mwisho mmoja tu nimekuachia ufanye mwenyewe, nao umeniondolea mtani. Kwa haki ya kawaida kati ya wafanyakazi wawili wa kazi moja, unanidai radhi kidogo kwa uwongo wangu, na mimi nakudai mwisho mpya. Naomba tusawazishe kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, uzirudie dakika nne za mwisho, na muuaji awe inspekta. Nimelifikiria sana kitandani. Mtu yule anakula filamu nzima, kwa hiyo vijiko vinapata maelezo. Sita aliviacha kwa marehemu, na cha saba ndicho alichokuwa akilia chakula mbele yetu muda wote. Hutahitaji hata kubadilisha jina la filamu. Sijui kwa nini hukuliona hili.

Pili, ikiwa mwigizaji wa inspekta amenenepa zaidi au amefariki, onyesha mikono tu. Glavu zinashonwa. Ningemwambia Salmini azishone, lakini kwa sasa hawezi kuambiwa. Yupo fundi mwingine Lulindi, ingawa mishono yake hufumuka.

Tatu, ikiwa kupiga picha upya ni gharama, iandikwe barua yenye mhuri wako, isemayo kwamba fundi bomba alihukumiwa kimakosa, uchunguzi ulirudiwa, na ameachiwa huru amerudi kwa familia yake. Fikirini ataisoma bandani kabla ya picha kuanza, na Salmini apelekewe nakala.

Nne, yote hayo yakishindikana, uje wewe mwenyewe unizike kama mtani wangu. Usishtuke. Utani huanza kwa ugomvi, na ugomvi tunao. Barua hii ni ushahidi wa kutosha. Baada ya ugomvi huja uchovu, na mimi nimeshachoka. Kwa hiyo Wamakua na Waitaliano wana kila sifa ya kutaniana, inabaki kuanza. Uzoefu wa kukaa na maiti unao kuliko Myao yeyote, na haya, kwa heshima zote, huna. Utavaa kofia yangu. Mguu wa kuchechemea ni wa kushoto. Kuku atakuwa tayari. Usije na wembe tu, wazee watakimbia.

Najua ni safari ndefu. Lakini mtu hawezi kuzikwa katika ukimya, wanangu wamesimama wamefunga mikono, mchungaji anasema mimi nilikuwa mtu mwema, na hakuna hata mmoja wa kumkatiza.

Nisalimie nyumba yako yote, wakubwa kwa wadogo. Yule mama wa nywele nyeupe, akiwa bado hai, mwambie naomba radhi kwa habari ya shamba, halikuwa lake. Msalimie mpiga picha wako wa zamani, aliyejua kuacha giza. Bwana Gasper ukikutana naye, mwambie bado tunangoja domani. Mwanakombo, Fikirini na Pendo wanakusalimu. Mama wa Chilangala hakusalimu.

Mimi niliyekuamini kupita kiasi,

Mwl. Godfrey Nahonyo

NYONGEZA

Naongeza haya siku ya pili, tarehe 13, kabla Pendo hajaipeleka barua posta.

Asubuhi hii alikuwa barazani akinisomea barua yote kwa sauti, kuona kama nimeacha neno. Hamida alikuwa amefuata bakuli la uji, na Salmini alikuwa amesimama barabarani kama kawaida yake. Pendo alipofika pale niliposema sijui Kiitaliano, Salmini akaingia ndani ya ua. Sijamwona akitembea kwa kasi ile tangu ujana wetu. Akamwambia, "Mwanangu, hapo rudia." Pendo akarudia. Salmini akakaa chini, juu ya udongo mtupu, na kanzu yake nyeupe.

"Mama mkwe?" akaniuliza.

"Nilimtunga."

"Na mjomba?"

"Naye nilimtunga."

"Mwalimu, mimi nilimlilia yule mjomba."

"Najua. Nilikuona."

Akamtazama Hamida na bakuli lake, hata nikadhani sasa nimeharibu na uji. Kisha akasema, "Miaka ishirini na sita. Nikimwacha mtu mwingine aliseme hili juu ya kaburi lako, nitakufa kwa kijicho. Nakuja."

Nikamkumbusha neno langu, kwa kuwa mimi ni mtu wa neno hata linaponiumiza. Akanijibu, "Ulisema nisije ikiwa fundi bomba ndiye muuaji. Nani aliyetueleza alichosema pale mwisho? Ni wewe, unayejua pampu tu. Labda wale polisi kweli walimfunga kwa usalama wake."

Hoja hiyo nimeipokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, Ndugu Mwongozaji, naomba uyachukulie malalamiko yote sita kama hayakuandikwa, na usiguse filamu hata dakika moja. Fundi bomba abaki, tena naomba azidi kuonyeshwa. Ni filamu bora kuliko zako zote, nasema hivyo kama mtu aliyeielewa. Ombi la nne nalifuta kwa haraka zaidi kuliko mengine. Usikate tiketi, nafasi ina mwenyewe.

Salmini ameshaanza mazoezi. Amekaa hapa kando ya kitanda changu na kofia yangu kichwani, ananisomea atakayoyasema, kuanzia mama mkwe. Anataka ninyamaze kabisa, kama nitakavyonyamaza siku hiyo, ili apate kupima vizuri. Mpaka naandika mstari huu tumeanza upya mara tano, kwa sababu kila mara namjibu.